Udongo Ndani ya Jante

Mama mukwe wangu tulimuzika kule Beni wiki iliyopita, na wakati wengine walikuwa wakiangalia sanduku, mimi niliangalia magurudumu ya gari lililomuleta. Mungu anisamehe. Kila mutu ana ugonjwa wake, na wangu ni jante, ile chuma ya gurudumu inayoshika mupira. Zile zilikuwa jante za aluminium, nzuri kabisa, lakini mupumbavu fulani alikuwa akiziosha na acide ya batri. Zilikuwa zimetoka madoa meupe na kufifia kama sufuria iliyosahauliwa kwenye moto. Nilikasirika pale pale, korali ikiimba, na hasira ile ilinisaidia, sababu bila hasira ningeanguka chini. Shofere alikuwa kijana mwenye miwani ya jua. Nilimuuliza kwa sauti ndogo ni nani anamuoshea gari. Alicheka, akasema ni vijana wa kule kwenye muto, Mama, wanamaliza haraka sana. Nilimujibu kwamba naona kweli wameimaliza. Hakuelewa. Mama mumoja wa kanisa alinivuta kitenge, akanikumbusha kwamba tuko kwenye kilio, tena mimi ndiye muke-mwana wa marehemu. Muke-mwana! Tangu miaka mingi nimeolewa na bwana mwingine, nimezaa watoto wengine, lakini pale Beni hakuna mutu aliyeniita kwa jina lingine, na mimi sikukatala.

Habari ya ukoo wangu na ya masomo yangu sitaeleza. Wazee wenzangu wakianza kukumbuka wanaanzia kwa babu yao, na musikilizaji anasinzia kabla wao wenyewe hawajazaliwa. Nitasema mwaka mumoja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, bibi mupya wa Kambale, mutoto wa huyu mama tuliyemuzika. Tulikaa Butembo, komine ya Mususa, katika chumba kimoja cha mbao. Ukuta wetu na wa jirani ulikuwa ule ule, mbao zilizobandikwa magazeti, hata tulijua maombi yao yote na magomvi yao yote, na wao wakajua yetu. Tulikuwa na kitanda, meza, na mbabula ya makaa tuliyoiingiza ndani asubuhi sababu ya baridi. Kambale alikuwa shofere wa munuzi wa kakao. Alikuwa akienda Beni, Oicha, mupaka Eringeti, na mimi nikabaki kuangalia magazeti ya ukutani. Kukaa bure siwezi, hata leo siwezi. Basi nikatafuta kazi ya kuosha magari kwenye lavage ya Papa Mbusa, chini pale kwenye kijito. Papa Mbusa alikuwa mushemasi wa kanisa letu, mutu wa polepole mupaka inakera. Wanawake kwenye lavage hawakuwa wengi wakati ule, na vijana wa Mususa waliniita Mama Jante. Niliwajibu kwamba mama anapigaga pia.

Muke wa Butembo anajua kusugua. Sufuria zetu tunazisugua na majivu na muchanga mupaka mutu anaweza kujiangalia ndani yake, na bibi mupya anahukumiwa kwa sufuria zake kabla ya kuonjwa chakula chake. Ndiyo sababu kila muke aliyefika kwa Papa Mbusa alianza na kosa lile lile: alichota majivu, akachota muchanga, akachuchumaa mbele ya jante kama iko jikoni kwake. Mimi Papa Mbusa alinishika mukono kabla haujafika. Akanieleza kwamba sufuria iko uchi, lakini jante imevaa ngozi nyembamba ya kung'aa, vernis, nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Ukiikwaruza, maji yanaingia chini yake na kuanza kuila, na hakuna wa kuirudisha. Gari ikitoka njiani, uiache kwanza ipoe. Freni zinachoma jante, na ukimwaga maji ya baridi juu ya jante ya moto, sabuni inakauka na kuacha madoa. Ikisha kupoa, maji peke yake, mengi, kutoka juu, ili muchanga ushuke wenyewe. Kitu ambacho maji yanaweza kuondoa, usikiguse na mukono. Halafu sabuni ya upole, burushi laini, na muswaki wa meno wa kuingia kwenye matundu ya bulo zinazokaza gurudumu na nyuma ya mikono ya jante, vile vyuma vinavyotoka katikati, pale vumbi jeusi la freni linajificha. Gurudumu moja moja, na kusuuza kabla sabuni haijakauka. Ndoo yake na vitambaa vyake, visiguse mwili wa gari hata siku moja. Unapangusa, unapaka cire kidogo, nta ya kung'arisha, basi. Acide hapana, soda hapana, chuma ya kusugulia hapana. Lavage zingine zilimucheka, sababu waliosha magari mengi wakati yeye angali kwenye gurudumu la pili. Lakini gari la arusi likitafutwa kung'arishwa, lilikuja kwake. Na siku zote alianza na magurudumu, akisema kwamba pale ndipo safari inabaki.

Kila Jumamosi Kambale alileta jeep ya patron wake, jeep nyeusi yenye jante za mikono myembamba. Patron alizipenda jante zile kuliko meno yake. Kambale alikaa juu ya kasha la bia lililogeuzwa, akakula maharagwe na ndizi nilizomuletea kutoka nyumbani, akanihadithia njia wakati mimi niko nyuma ya gurudumu na muswaki wangu. Kila chakula alikiona hakina chumvi. Hata maji ya kunywa angesema hayana chumvi. Alinitania kwamba siku moja atajipaka cire mwili wote, labda na yeye nitamugusa kwa upole vile. Mwanzo wa mwaka hadithi zake zilikuwa za matope, za kamio zilizolala njiani, za bibi ya afisa fulani wa kutoka mbali aliyesafiri na mbuzi kwenye kiti cha mbele. Halafu hadithi zilianza kupungua. Nikimuuliza njia ikoje, alisema tu kwamba njia iko, akaendelea kutafuna. Nyuma yangu mashofere wenzake walizungumuza kwa sauti ya chini: kijiji fulani kimebaki bure, watu wanavuna kakao masikio yakiwa juu, na pale pa fulani gari haisimami hata kwa kukojoa. Nikiinua kichwa, walirukia mupira wa miguu. Ile iliniudhi sana. Nilikuwa bibi ya shofere, si mutoto wa kufichwa mambo. Nilimwambia Kambale aache kazi ile. Akaniuliza kama tutakula jante.

Asubuhi aliyoondoka alikula bugali ya jana, niliyoipasha kwenye mbabula, na fretini kidogo, samaki zile ndogo za kukauka. Akasema haina chumvi. Nikamwambia chumvi iko Eringeti, aende kuitafuta kule. Alicheka, akavaa koti, akaenda. Ndiyo maneno tuliyoachana nayo. Mutu akijua kwamba neno fulani ni la mwisho, si angechagua zuri? Mupaka leo siwezi kutia chumvi ndani ya chungu bila kusikia kile kicheko, karibu kabisa, nyuma ya sikio langu la kushoto. Bwana wangu wa sasa anafikiri ninapika taratibu. Sijamwambia kitu.

Habari nilizipata kwa kusikiliza, kama kila habari ya mwaka ule. Patron alifika kwenye lavage kwa miguu, akasimama na Papa Mbusa nyuma ya pipa la maji. Mimi nilikuwa nimechuchumaa upande wa pili, kwenye gurudumu la gari la pasta. Patron alisema gari zilipigwa risasi na watu wa porini mbele ya Oicha, kabla ya kufika Eringeti. Watu aliowabeba Kambale walikimbia ndani ya kakao, na wote wameonekana. Jeep askari waliikuta kando ya njia, milango wazi, ufunguo ndani, wakaishusha Beni. Papa Mbusa akauliza neno moja, na patron akamujibu.

"Gari, tuliikuta," akasema. "Lakini Kambale, hapana. Hata kiatu."

Mimi niliendelea kuosha. Nilisuuza jante ile, nikaipangusa, nikaipaka cire, nikasogea kwenye ya pili. Nilifikiri kwamba nisipoinuka, habari itanipita juu ya kichwa na kwenda kwa mutu mwingine. Papa Mbusa alizunguka pipa, akachukua burushi mukononi mwangu, akakaa chini kwenye maji na suruali yake ya kanisa. Ndiyo siku niliyoacha kukasirikia polepole yake.

Jeep yenyewe ilifika siku zilizofuata. Patron aliomba ioshwe, sababu hakuweza kuiona vile. Simulaumu, kila mutu analia anavyojua. Matope yalipanda mupaka kwenye vioo, na ndani ya jante yalikuwa yamejaa na kukauka mupaka mikono yake haikuonekana. Yale ya juu yalikuwa ya huku kwetu. Yale ya ndani yalikuwa mekundu, mazito, yameshika vipande vya majani ya kakao. Nilisimama mbele yake nikawaambia wote wawili kwamba gari hii hapana mutu ataiosha. Patron alimwangalia Papa Mbusa, na Papa Mbusa aliangalia mikono yake, halafu akaisukuma jeep chini ya kibanda cha mabati. Ikakaa pale. Asubuhi nilifika wa kwanza, kabla hata ukungu haujatoka kwenye kijito, na kila asubuhi niliona kama imesogea kidogo. Niliweka jiwe mbele ya gurudumu kuhakikisha. Jiwe halikuondoka, na moyo wangu haukutulia. Siku zingine nilisikia mutu akipiga muluzi ndani ya kibanda, ule muluzi wake wa kuita moto, zile pikipiki za kubeba watu, nikaenda, nikakuta ni upepo kwenye bati, au si kitu. Siwezi kuapa. Wateja walianza kupita mbali na kibanda, na mimi nikaanza kula chakula changu humo, nimeegemea gurudumu la mbele, upande wa shofere.

Ndipo akafika mama yake, Mama Kahindo, kutoka Beni, na mufuko mumoja na kisu chake cha kumenya ndizi kimefungwa ndani ya kitambaa. Alikuwa muke mufupi, mukavu, wa maneno kidogo. Kitanda kilikuwa kimoja, basi akalala na mimi, upande wa Kambale. Alipolala alisema maneno ya Kinande ambayo sikuyashika, na alfajiri nikiamuka nilikuta mukono wake juu ya tumbo langu. Sikujua kama ananitafuta mimi au anatafuta kama kuna kitu ndani. Hakukuwa na kitu. Yeye ndiye alipika. Sombe yake ya majani ya muhogo ilikuwa na chumvi ya kutosha, na ile nayo ilinichoma. Mimi niliweka sahani ya Kambale mezani kila jioni, bugali na mboga, na kifuniko juu. Mama Kahindo aliifunua, akaila. Jioni ya kwanza nilifikiri amesahau. Jioni ya pili nilielewa kwamba hajasahau, akaniangalia akitafuna, na mimi nikamuchukia kwa moyo wangu wote. Jirani upande wa pili wa mbao walinyamaza. Hata wao walisikia.

Siku moja baba mudogo wa Kambale alikuja, wakakaa naye chumbani, mimi nikiwa nje kwenye makaa. Katika ukoo wao, mutu akipotea bila mwili, kuna njia: wanachukua udongo wa mahali alipokanyaga mwisho, wanauzika kwa jina lake, na kilio kinafungwa. Kule mahali penyewe hakuna aliyeweza kufika. Lakini udongo, alisema Mama Kahindo, ulishakuja wenyewe hapa Mususa, uko ndani ya magurudumu. Baba mudogo akauliza je, Kavira atakubali? Kavira ndiye mimi. Mama Kahindo akajibu kwamba Kavira ni mutoto. Nilisimama pale na kijiko mukononi. Nilielewa vizuri sana. Wakizika udongo ule, Kambale amekufa. Bila udongo ule, Kambale yuko njiani, amechelewa. Shofere huchelewa. Maisha ya bwana yangu yalikuwa ndani ya zile jante, na mimi ndiye nilikuwa nimezikalia. Sikuingia ndani. Nilishuka kwenye lavage, nikamuomba Papa Mbusa kufuli ya kibanda. Alinipa, lakini akaniambia kwamba matope yakikaa muda murefu yanakula jante. Nikamwambia yaile.

Kufuli haikusaidia, sababu kibanda hakikuwa na ukuta wa nyuma. Asubuhi moja nilifika nikasikia kwaruu, kwaruu, sauti ambayo kila mutu wa kazi yetu anaisikia kwenye meno. Mama Kahindo alikuwa amepiga magoti kwenye gurudumu la mbele, upande wa shofere, sahani chini, anakwangua udongo mukavu na kile kisu. Udongo mukavu una muchanga. Hata kitambaa kingeikwaruza, sembuse chuma. Juu ya mukono wa jante kulikuwa na mustari murefu mweupe. Sijui nilikimbia namna gani. Nilimushika mukono wenye kisu, naye akanishika kitenge, na tukavutana pale kwenye matope, mukwe na muke-mwana, mbele ya wateja na mbele ya Papa Mbusa, bila sauti, tukihema tu. Sitasahau alivyokuwa na nguvu.

"Achilia," akasema. "Ni mutoto wangu."

"Na ni bwana yangu. Hajakufa."

Aliacha kunivuta, lakini kisu hakuachilia. Aliangalia ule mustari mweupe kwenye jante kama ameona damu, akakaa kabisa chini, miguu mbele, kama mutoto. Halafu akasema yale ambayo Kambale mwenyewe hakunieleza hata siku moja, na sijui kama aliyajua.

"Baba ya Kambale alienda kukata mbao ku pori, ngambo ya Kasugho. Mi niko na mimba. Hapana alirudi. Hapana mutu aliniletea hata udongo. Banaume balikuya, banaume bazuri, mi nabaambia niko na bwana. Kavira, mi niliolewa na mulango. Miaka yote niko naangalia mulango. Weye, hapana. Hapana, mwana wangu."

Nilifikiri juu ya sahani alizokula, moja baada ya ingine, tumbo likiwa limejaa, ili mimi nisizoee kuweka sahani. Nililia basi, kilio changu cha kwanza, na yeye hakulia. Papa Mbusa alisogea, akachukua kisu kwa upole, akakiweka juu ya bati. Akasema kama tunataka udongo, kuna namna ya kuutoa bila kuumiza gari wala udongo. Na akaondoka, akawapeleka wateja wote upande wa pili wa kijito, jambo ambalo hakufanya hata kwa gari la arusi.

Jante zilikuwa baridi, hakukuwa na haja ya kungoja. Nilianza na maji kidogo juu juu, nikayaacha yaondoke na udongo wa huku kwetu, wa njia ya Beni na Butembo, ule ambao hakuna mutu aliutaka. Mama Kahindo aliuliza nitajuaje pa kukomea. Nikamwambia rangi itasema. Ulipotokea ule mwekundu, niliweka beseni chini ya gurudumu, nikamwaga polepole, kikombe kwa kikombe, bila kugusa. Udongo ulinywa maji, ukalegea, ukaanza kushuka wenyewe ndani ya beseni, pu, pu. Ulionata nyuma ya mikono niliutoa na burushi laini, bila sabuni, sababu Mama Kahindo alisema mutoto wake asizikwe na sabuni. Gurudumu moja moja. Nilikuwa nimeosha jante zile Jumamosi nyingi, yeye akinihadithia. Nilijua kila kona yake, na kila kona niliyoisafisha nilisikia njia ikipungua. Mama Kahindo alishika beseni na mikono miwili, uso wake karibu na wangu, hata nilisikia pumzi yake. Tulipomaliza, tulifanya kama kila nyumba ya Butembo inavyofanya na maji ya kijito wakati wa mvua: tuliacha beseni litulie. Maji yalipanda juu yakawa safi, tukayamwaga taratibu, na chini kukabaki udongo, laini, mwekundu, na vipande vya majani. Ulikuwa kidogo sana. Nilifikiri mutu mukubwa vile, mwenye kelele vile. Mama Kahindo aliufunga ndani ya kitambaa cheupe, akanipa niubebe mimi. Halafu nikarudi kwenye jante, nikazipangusa, nikazipaka cire, na ule mustari mweupe ukabaki. Patron alipokuja kuchukua gari aliuona. Aliupapasa na kidole, akavua kofia.

Tulizika Beni, nyuma ya nyumba ya Mama Kahindo, kwenye migomba. Pasta alisema kanisa halina ibada ya udongo, lakini alikuja kama jirani, akakaa kwenye kiti na Biblia ndani ya mufuko wa koti. Shimo lilikuwa dogo. Kwa desturi yao, anayetupa udongo wa kwanza ndiye anayetaja jina, na jina likisha kutajwa, halirudi. Wote walimungojea mama yake. Mama Kahindo alifungua mudomo na sauti haikutoka. Akafungua tena. Baba mudogo alianza kumusogelea, na mimi niliona kwamba akilitaja mutu mwingine, nitabaki na mulango maisha yangu yote. Niliinama, nikachota, nikasema "Kambale, bwana yangu, lala." Sauti yangu niliisikia kama ya mutu wa mbali. Nilikuwa nimemuua au nimemupumuzisha, sikujua, na leo niseme kweli, sijui bado. Kuna jambo moja linaniogopesha kuliko kufa kwake. Ni kwamba hakufa. Kwamba siku moja alitoka kule porini, amekonda, akashika njia ya nyumbani kwa mama yake, akapita kwenye migomba, akakuta musalaba na jina lake, na akasoma.

Nilirudi Butembo kesho yake. Mama Kahindo alinisindikiza mupaka pale moto za kubeba watu zinaposimama, akanitengeneza kitenge kama mutoto anayeenda masomoni. Nilimwambia asante, wasingya Mama, na nilikuwa na maana yake yote. Nilifikiri tumemaliza, yeye na mimi, tumelala upande mumoja wa jambo hili. Alinishika kidole kimoja tu, hiki kidogo.

"Weye umemuzika," akasema. "Basi olewa, zaa. Mi nilikuwa pale tu na miguu, moyoni hapana. Ye ni mutoto wangu, nitamungoja mimi. Mutu mumoja anatosha kungoja."

Niliolewa, nikazaa. Lavage ya Papa Mbusa ilifungwa yeye alipozeeka, na mimi nikafungua yangu, ambapo wasichana wananiogopa na acide haiingii. Kila mwaka nilishuka Beni kumuona. Hakutaja tena habari ile, na mimi sikuuliza, lakini nilimuona akiwa anazungumuza na mimi, kichwa kikigeuka kidogo kila mutu akipita njiani, halafu kikirudi. Alifanya kazi ile kwa miaka yote, peke yake, bila kulalamika, ili mimi nilale. Nilikuwa nikilala, kweli. Wiki iliyopita, tulipomaliza kuzika, watu walisambaa, wakabakia viti na sufuria kubwa za kilio. Baba Neema, bwana wangu, alipiga simu kutoka Butembo, akauliza ninarudi siku gani, sababu watoto wanauliza. Nilikuwa nimekaa peke yangu ndani ya nyumba ya Mama Kahindo, na mutu fulani alikuwa akipita njiani, kichwa changu kikageuka kidogo kumuangalia. Nikamwambia bwana wangu kesho. Kesho yake akapiga tena, na nikamujibu vile vile, kesho.